Mkono wa Bi Msimu

Hidaya alikuwa amejaribu kupiga chapa kwa viazi, kisha kwa kipande cha ndala, na kote huko aliambulia madoa. Safari hii alichonga ubao: mama mkwe wake, Bi Msimu, akila wali. Akaupaka wino, akaufunika kwa karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko na kuibandua taratibu.

Alikuwa amesahau kwamba chapa hugeuza kulia kuwa kushoto. Kwenye karatasi, Bi Msimu alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto, mkono usiopelekwa sahanini.

Kabla hajaificha, mwenyewe alikuwa mlangoni, anaitazama.

"Nisamehe, mama. Nitachonga upya."

"Ole wako uiguse," alisema Bi Msimu. "Mimi nilizaliwa mashoto, mwanangu. Bibi yangu aliufunga mkono huu kwa kitambaa kila tulipokula, mpaka ukasahau kazi." Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika. "Kumbe haukusahau."

Akapandisha mkono wa gauni, akajipaka wino kiganja cha kushoto hadi ncha za vidole.

"Nikandamize kiasi gani?" aliuliza, kiganja kikiwa hewani bado, juu ya karatasi nyeupe.