Hataza ya Jiko

Siku hizo thamani ya kila hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ilipunguzwa vitabuni mwaka hadi mwaka, na ilipofika sifuri, uvumbuzi ulifutwa kichwani mwa mwenye hataza, pamoja na yote aliyokumbuka kuuhusu, ili uwe wa wote. Muda uliamuliwa na mhasibu.

Asubuhi moja mhasibu Nakijwa aliletewa faili la hataza ya Mbazi, aliyekuwa mumewe: jiko lisilotoa moshi. Jiko hilo alilibuni Nakijwa akiwa na mimba ya Upendo. Mbazi akalisajili kwa jina lake, kisha akamfukuza. Faili lilisema miaka ishirini, na tisa ilikuwa imepita. Nakijwa akaifuta ishirini, akaandika tisa, akagonga muhuri.

"Na yeye anyang'anywe," alisema.

Jumamosi alikwenda kumwona akihangaika. Alimkuta jikoni, amechuchumaa mbele ya jiko, uso umemng'aa.

"Mama Upendo, karibu! Hebu ona kitu hiki. Aliyekibuni ana akili! Unamjua?"

"Ni mimi. Nikaibiwa."

Mbazi alimtazama kwa huruma ya kweli. "Pole sana. Aliyekufanyia hivyo ana roho mbaya."

Akamsogezea kigoda. Nakijwa alikaa na matusi yake ya miaka tisa, na hapakuwa tena na mtu wa kumtukana.