Hukumu ya Bi Rukia

Siku hizo hakuna aliyeoa wala kuolewa kabla ya kusoma riwaya moja ya zamani na mchumba wake. Kisha kila mmoja aliingia peke yake kwenye chumba cha mashine ya kupima wachumba, akaeleza ni mhusika gani anayestahili kuhurumiwa. Majibu yakipishana, ndoa haifungwi.

Kidawa na Shembilu walipewa kisa cha Bi Rukia, mwanamke aliyechoka kupigwa, akamtoroka mumewe na kumwacha mtoto anayenyonya. Kama wachumba wote, walikubaliana jibu mapema.

"Tuseme Rukia ni mkatili, wa kuhurumiwa ni mume," Shembilu alishauri. "Jibu jepesi, hatutalisahau."

Kidawa alikubali, ingawa alikuwa amemlilia Rukia hadi kurasa zikalowa. Alijiambia kuwa ni maneno ya kuiridhisha mashine tu.

Walifaulu. Jioni ya harusi, wageni walipokwisha kuondoka, Kidawa alimmiminia mumewe chai, akaangua kicheko.

"Mume wangu, tumeidanganya mashine mchana kweupe! Maskini Rukia wa watu, tumemsingizia."

Shembilu hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Tumemsingizia nini? Mimi nilisema la moyoni." Akamtazama kwa upole. "Kwani wewe ulidanganya, mke wangu?"

"Aa, nakutania tu," Kidawa alisema.

Alikuwa bado mgeni katika nyumba ile. Akainamia birika, na macho yake yakaanza kuutafuta mlango wa uani.