Karatasi Moja kwa Watu Watatu

Kila mwanafunzi wa jioni alikwisha kujibu mtihani peke yake. Sasa mwalimu wa kemia, chuoni Kasulu, aliwagawia watatu watatu karatasi moja wajadiliane. Wakikosa, wangerudia somo mwaka mzima.

"Hidroksidi ya sodiamu ikiyeyuka, maji hupoa, kama ile chumvi tuliyoyeyusha maabara," alisema kijana mwenye kalamu. "Au vipi, Mama Gentille?"

Naye alikuwa amebahatisha hivyo hivyo kwenye karatasi yake. "Samahani mwanangu, hiyo ni kitu gani hasa?"

"Si ile kostiki soda ya kutengenezea sabuni, mama?"

Mama Gentille alilitazama kovu la kiganjani. Miaka kumi alikuwa akikoroga kostiki kwenye maji, na ndoo ilikuwa haishikiki kwa joto. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Hebu nipe kalamu."