Picha Isigande

Fundi wa mapaa alisimama juu ya gari lao, ameinua nguzo ya hema kwa mikono miwili, na kwenye ncha yake amekifunga kidude cha intaneti. Mkewe alikaa chini kwenye mkeka, simu mbele yake, akiongea na binti yao kwa video. Wote wawili ni viziwi. Kwa watu wanaoongea kwa mikono, picha ikiganda, mazungumzo yamekwisha.

"Hapo hapo!" mkewe akamwambia kwa ishara. "Ukitikisika tu, binti yako anaganda."

Akatulia tuli. Mabega yalimwaka moto, lakini alimwona mkewe anavyocheka, vidole vyake vikienda mbio, naye akaona safari yao ya kambi imenoga.

Mara mkewe akaruka, akaja hadi kwenye gari na kumwinulia simu. Mjukuu wao wa miezi kumi alikuwa amepakatwa na mama yake. Mtoto akashika kidevu, akavuta ndevu asizokuwa nazo. Ndiyo ishara waliyomtungia fundi nyumbani: Babu.

"Kakuita!" mkewe akasema kwa mkono mmoja. "Mjibu, mzee!"

Atamjibu vipi, na mikono yote imeshika nguzo?

Mtoto akavuta kidevu tena, amemkazia macho, anangoja.

Fundi akaishusha nguzo taratibu, akaisimamisha juu ya gari na kuibana kwa magoti. Picha ikasita. Ikarudi. Akakunjua vidole vilivyokufa ganzi, akasema, "Naam, mjukuu wangu. Nipo."