Kibali cha Kunyonyesha

Siku hizo hakuna mama aliyenyonyesha bila kibali cha kipimo kilichobandikwa kifuani. Titi la Mwanamvua lilivimba, likawaka moto hata kanga ikiligusa anaruka. Kipimo kikakataa, na mwanawe Haruni, wa wiki tatu, akaanza kupewa chupa.

"Mpe anyonye, mwanangu, ndiyo dawa yake," mama yake Mwanamvua alimsihi huku akimkanda titi kwa kitambaa cha maji moto.

"Nikimpa bila kibali, watu wa serikali watamchukua, mama."

Alivumilia homa siku tano, akikamua maziwa na kuyamwaga. Siku ya sita kibali kikaja. Akamkumbatia Haruni, akamwekea titi mdomoni. Mtoto akageuza uso, akalia. Mwanamvua alijaribu hadi jioni. Mama yake alikwenda jikoni kuchemsha maji ya chupa.