Slovenia ya Mzee Mohdhar

Haya ni kweli tupu, wallahi, hayakutiwa chumvi hata ya kuonjea. Asiyeamini na aende Deira, atamkuta Mzee Mohdhar kakaa kitako barazani, kanuna.

"Rudia," alisema Ikhlas.

Mzee Mohdhar akafuta jasho. Alikuwa kavaa koti la sufu, maana mtu anayetoka Ulaya hawezi kuingia nyumbani na kanzu nyepesi, na huko Hatta, mji wa milimani, siku hiyo jua lilikuwa linachoma hadi mawe.

"Bled," akaanza. "Mji wa ziwa. Katikati ya ziwa kisiwa, juu ya kisiwa kanisa, ndani ya kanisa kengele. Ukiivuta, unaomba utakalo."

"Na keki?"

"Keki gani tena?"

"Ya malai! Mtu afike Bled asile keki ya malai? Utaumbuka mlangoni, Mohdhar."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mzee Mohdhar, mstaafu aliyemaliza ujana wake akisimamia upakiaji wa mizigo bandarini Deira, alikuwa na mkewe hapo hapo Deira, Rukiya, aliyemzalia watoto wote. Tangu mwaka jana alikuwa na mke wa pili huku Hatta, huyu Ikhlas, mjane mwenye shamba la mitende. Ndoa ilikuwa halali, kwa shekhe na mashahidi. Kilichokosekana ni Rukiya kuarifiwa. Na Rukiya alikwisha apa zamani: siku akiolewa mwenzake kwa siri, yeye anarudi kwao Mombasa na harudi tena. Mzee hakuwahi kumwona Rukiya akiapa bure.

Safari hii alitamani kukaa Hatta kwa nafasi, akatangaza kwamba arbab wake, yaani tajiri wake wa zamani wa bandarini, kamzawadia matembezi ya Ulaya. London aliiogopa. Nusu ya Deira ina shangazi London. Ungetaja tu, ungeulizwa kama mlionana. Akatafuta nchi ndogo isiyo na shangazi wa mtu. Akaipata Slovenia.

"Ptuj," alisema Ikhlas, macho kwenye simu.

"Petuj... Tuj... Huo si mji, huo ni ukohozi!"

"Ndio mji mkongwe kuliko yote kule. Ngome kilimani, mto Drava chini. Kwenye kanivali watu wanavaa manyoya ya kondoo na kengele viunoni, wanafukuza baridi."

"Na huu Maribor?"

"Maribor tunauruka. Muda hautatosha."

"Muda wa nini? Si uongo tu?"

Ikhlas akajishughulisha na ushungi wake. "Hata uongo una ratiba. Yalla, Piran."

Mzee akapiga paja kwa hasira. Maisha yake yote alidanganya kwa raha zake, uongo unamtoka tu kama maji ya bomba. Alikwisha kuwaambia watu kuwa aliwahi kupakia tembo melini akiwa amelala, tembo si yeye, na wakacheka. Leo, uzeeni, anadanganya kwa kukariri kama mtoto wa chuoni!

Jioni taksi ikamshusha Deira. Rukiya akampokea kwa uso mkunjufu, akamwekea kahawa na kaimati.

"Haya, Baba Faiz, tupe habari za Ulaya."

Akazimwaga. Ljubljana na majoka ya shaba yanayolinda daraja. Škofja Loka na nyumba zake za rangi, zimekaa kama zinasubiri kupigwa picha. Bled, pamoja na keki. Ptuj akaupitia haraka haraka, ulimi usimkwame. Alipofika Piran alisahau kabisa kwamba hajafika.

"Mji umejibana kwenye ncha ya nchi, Mama Faiz, bahari huku na huku. Vichochoro kama vya Mji wa Kale kwetu Mombasa, ukipishana na mtu lazima mmoja ageuke ubavu."

Alikuwa anangoja aulizwe picha, na jibu la simu iliyojifuta lilikuwa tayari. Hakuulizwa.

"Kutoka Ljubljana kwenda huko Piran ni basi au treni?" aliuliza Rukiya.

 Hili Mzee hakufundishwa.

"Basi," akabahatisha.

"Na mtu apange hoteli uwanjani chini, au juu kule kanisani?"

"Chini. Magoti, mke wangu."

"Na nguo nzito, achukue nyingi?"

"Ah, Rukiya! Wanisikiliza au wanihoji?"

"Nauliza tu, bwana."

Jasho likamshuka ndani ya koti. Hasira zote akazielekeza Hatta: mwanamke kamshindilia kengele na keki kutwa nzima, basi moja hakumpa! Akaona heri afunge mazungumzo kwa maneno matamu.

"Laiti ungeiona Slovenia, Mama Faiz. Ningekuwa na uwezo wa kukubeba kwenye begi, ningekubeba."

"Nitaiona, inshallah." Rukiya akamsogezea simu yake. Tiketi za ndege zilikwisha chaguliwa, bado kulipiwa. "Toa kadi."

Mzee akachungulia. Bila miwani aliona tu kwamba abiria ni wawili. Pumzi zikamtoka, zile za mtu aliyeponea chupuchupu. Kumbe yote hayo ni hamu ya kutembea! Akatoa kadi bila kuuliza bei, na benki ilipotaka idhini akabonyeza kidole gumba kwa madaha.

"Khalas, mke wangu. Nitakutembeza mwenyewe, kichochoro kwa kichochoro."

"Wewe pumzika, Baba Faiz, umetoka safari leo hii," alisema Rukiya, akimimina kahawa. "Naenda na Ikhlas."