Anza na Nzuri

Siku hizi majibu ya picha za saratani hutolewa kwa maneno yaleyale rasmi nchi nzima. Yale mambo ya "kuna kakitu kadogo tu" yamepigwa marufuku, na hakuna tena mgonjwa anayetoka kwa Tunu, msomaji wa picha, akiwa hajaelewa.

Jioni, wakichambua mchicha jikoni, mama yake alimuuliza, "Mwanangu, picha yangu inasemaje?"

"Uvimbe umeongezeka. Umefika kwenye ini. Uhakika ni mkubwa."

Mama aliacha mchicha. "Sijaiuliza hospitali, nimekuuliza wewe. Nipe habari kama watu. Anza na nzuri, halafu ndiyo useme 'ila'."

Tunu akamshika mkono, akayatafuta maneno ya nyumbani, akafungua kinywa.

"Uvimbe umeongezeka," akasema.